Picha za majani na jua: sura za watoto wetu



Kila mwanamke anajua kwamba jua linakula rangi. Kikwembe kikianikwa nje kutwa nzima, siku baada ya siku, upande uliotazama juu unapauka na upande wa chini unabaki kama ulivyotoka dukani. Ndiyo sababu mama zetu walitufundisha kugeuza nguo ndani nje kabla ya kuianika. Pazia la dirishani linachujuka mbele ya pazia la mlango wa chumba. Juma hili tunataka kuwaelezea namna tulivyoitumia nguvu hiyo ya jua kutengeneza picha, bila kamera, bila umeme, kwa majani ya bustani na karatasi, na yale tuliyojifunza humo juu ya watoto wetu na juu yetu wenyewe.

Sisi ni walimu wanawake. Wengi wetu tuna miaka thelathini na kitu. Tulisoma pamoja ualimu, tukapata diploma, halafu kila mmoja akaenda mahali pake pa kazi: wengine upande wa Masisi, wengine upande wa Walikale. Vita vikatusambaza na kutukutanisha tena. Wenzetu wa Masisi walikimbilia Sake na Goma, wakarudi, wakakimbia tena. Mwezi wa tatu mwaka 2025 vita vikafika hata Walikale-centre, na wenzetu wa huko wakaingia msituni na watoto mgongoni.

Mnajua vile mtu anakimbia. Mama anabeba mtoto, sufuria, kikwembe kimoja, na karatasi zake akikumbuka. Picha za ukutani zinabaki. Picha ya arusi, picha ya ubatizo, picha ya siku ya diploma, picha ya marehemu baba akiwa amevaa koti. Mtu akirudi anakuta nyumba haina mlango, na kadre haziko tena. Zile zilizokuwa ndani ya telefone, telefone iliibiwa au ililowa maji. Hata karte ya elektere, ambayo kwa wengi wetu ndiyo kitambulisho pekee, maandishi na sura yake vimefutika kwa watu wengi mpaka hujui ni ya nani. Kwa hiyo unaweza kukuta mama mwenye watoto watano, na hakuna karatasi hata moja nyumbani kwake yenye sura ya mmoja wao.

Hatukuanza kwa kutafuta dawa ya jambo hilo. Tulianza kwa kutafuta somo. Katika sayansi tunapaswa kuwafundisha watoto kazi ya mwanga juu ya mimea, na shule zetu hazina laboratwari. Tulichokuwa nacho ni lengalenga, jua, na kinu. Mmoja wetu alikuwa amesoma habari za picha zinazofanywa kwa maji ya majani, tukaanza kujaribu, kila mmoja kwake, na kutumiana karatasi kwa watu wanaosafiri, zikiwa zimefungwa ndani ya kitabu ili zisione mwanga njiani.

Habari ya mwanamke na mshumaa

Njia hii ni ya zamani. Mwaka 1842 Mwingereza mmoja, John Herschel, mtaalamu wa nyota, alikiandikia chama cha wanasayansi cha London kiitwacho Royal Society juu ya majaribio yake ya kupaka karatasi maji ya maua na kuiweka juani. Mtu huyo alikuwa ameishi Afrika. Kuanzia mwaka 1834 hadi 1838 alikaa Afrika Kusini akichunguza nyota za upande wetu wa kusini, na huko alichora maua mengi pamoja na mke wake Margaret. Picha hizo za mimea zinaitwa antotipi, jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ua.

Lakini wanafunzi wetu wa kike walipenda zaidi habari ya mwanamke aliyefanya kazi hiyo hiyo. Mary Somerville alizaliwa Scotland mwaka 1780. Alipokuwa msichana alipenda hesabu kuliko kitu chochote. Wazazi wake waliogopa kwamba masomo yangemharibia afya, wakaagiza aondolewe mshumaa wake wa usiku ili asisome. Basi akawa anakariri maswali ya jiometri mchana, na usiku anayatafuta majibu kichwani, gizani. Aliolewa, akafiwa na mume, akaolewa tena, akazaa, akazika watoto, na bado akawa mwanasayansi aliyeheshimiwa Ulaya nzima.

Mwaka 1845, akiwa na miaka 64 na akiishi Roma, alimwandikia Herschel barua kueleza majaribio yake mwenyewe juu ya maji ya mimea na mwanga wa jua. Royal Society iliichapisha mwaka 1846, ikiwa imepitia mikononi mwa Herschel, kwa sababu wakati ule mwanamke hakuweza kuwa mwanachama. Wanawake wa kwanza waliingizwa katika chama hicho mwaka 1945, karibu miaka mia moja baada ya barua ile.

Tuliposimulia habari ya mshumaa, darasa lilinyamaza. Wasichana wetu hawaondolewi mshumaa na mtu. Mara nyingi hakuna mshumaa. Kuna vyombo vya kuosha, mdogo wa kubeba, maji ya kwenda kuchota, halafu giza linaingia. Lakini kusoma kichwani wanakujua. Msichana mmoja alituambia kwamba yeye hukariri kugawanya akiwa njiani kutoka kisimani, kwa sababu wakati ule hakuna anayemtuma. Tuliona ya kwamba Mary Somerville amepata wenzake Masisi.

Namna ya kufanya

Tunaandika hatua zote hapa ili kikundi chochote cha wamama kiweze kujaribu.

Kwanza majani. Lengalenga nyekundu inatoa rangi nzuri ya zambarau. Spinachi inatoa kijani. Beteravu inatoa rangi ya damu ya mzee. Manjano, ule unga wa rangi ya dhahabu unaotiwa ndani ya pilao, yanafanya kazi upesi kuliko vyote. Msichukue chakula cha watoto: majani yaliyokomaa sana, yale ambayo hayaliki tena, yanatosha, na maganda ya beteravu yanatosha. Muepuke mimea msiyoijua. Yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, ambayo watu wanapanda kwenye ua, ni sumu. Watoto wasiyaguse wala yasiingie ndani ya kinu cha nyumbani.

Twanga majani mpaka yawe laini kama sombe, tia kijiko kimoja au viwili vya maji, kamua ndani ya kitambaa safi. Manjano hayataki maji: changanya vijiko viwili vya unga ndani ya nusu glasi ya alkoli ya kusafishia vidonda, ache itulie, mwaga taratibu yale maji ya juu. Kazi hiyo ifanyike mbali na moto wa makala, kwa maana alkoli inawaka.

Pili karatasi. Inatakiwa nyeupe, nzito kidogo, isiyong'aa, kwa sababu inayong'aa haiinywi rangi. Sisi tunatumia mgongo wa kalenda za zamani na kadi za mualiko wa arusi upande usioandikwa. Paka rangi kwa pamba au kipande cha sponji, ndani ya nyumba, pazia likiwa limefungwa. Ache ikauke gizani. Paka tena, mara mbili au tatu, mpaka rangi ishibe.

Tatu kitu cha kufunika. Weka juu ya karatasi jani la jimbi, unyoya wa kuku, kipande cha dantela, au umbo ulilokata kwenye karatasi nyeusi. Funika na kioo cha kadre, weka katoni ngumu chini, bana pande zote kwa vibanio vya nguo. Kila kitu kibanwe vizuri: kioo kikilegea, jua linapita pembeni na picha inakuwa na ukungu.

Halafu peleka juani. Pale penye mwanga rangi inakufa. Pale palipofunikwa inabaki. Kwetu manjano yalimaliza kwa siku moja ya jua kali, lengalenga na spinachi siku tatu hadi kumi, beteravu juma moja na zaidi. Fungua pembe moja tu kuangalia, usiondoe kitu chote. Ukiona umbo limesimama wazi, toa, na picha imekwisha. Haioshwi, haitiwi dawa yoyote.

Jua la Masisi, jua la Walikale

Masisi na Walikale ziko karibu sawa na Ikweta, zaidi kidogo ya digrii moja upande wa kusini, kwa hiyo jua la saa sita haliendi mbali na utosi mwaka mzima. Mtu angefikiri kwamba karatasi ile ile itachukua siku zile zile. Haikuwa hivyo.

Masisi ni vilima. Sehemu nyingi zinapita metre 2.000, ng'ombe wanalala ndani ya ukungu na asubuhi mpaka saa tatu au saa nne huoni kilima cha jirani. Lakini ukungu ukiondoka, jua la mlimani linachoma hata kama upepo ni baridi, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na haizuii mionzi. Kati ya saa nne na saa nane karatasi inafanya kazi kubwa. Baada ya hapo mawingu yanarudi.

Walikale ni msitu. Ni chini, ni joto, mvua inanyesha karibu kila mwezi, na miti inakula jua kabla halijafika chini. Wenzetu wa huko walitafuta mwanga kama mtu anavyotafuta mtandao wa telefone: uwanja wa shule, kando ya barabara, juu ya bati la kanisa. Adui yao mkubwa alikuwa unyevu. Karatasi iliota kuvu kabla jua halijamaliza kazi. Walichogundua ni kuitundika karatasi juu ya mafiga usiku, mbali kidogo na moto, kama tunavyokausha samaki, ili iamke imekauka. Tangu hapo picha zao zilitoka vizuri, zikinuka moshi kidogo.

Tulipoweka karatasi za pande zote mbili juu ya meza moja, watoto walijifunza jiografia bila kitabu. Walisema wenyewe: hii ni ya mlima, hii ni ya msitu.

Swali la mtoto

Siku moja mwanafunzi wa darasa la tano aliuliza: "Mwalimu, kama jua linaua rangi ya jani kwenye karatasi, mbona lile jani la kwenye mti liko juani kila siku na haliwe jeupe?"

Tunawaambia ukweli, swali lile lilikuwa zuri kuliko somo lote tulilokuwa tumetayarisha. Jibu ni kwamba jani lililo hai nalo linaharibiwa na jua, lakini linatengeneza rangi mpya kila siku. Mizizi inaleta maji na chakula cha udongoni, jani linajirekebisha bila kuchoka. Likichumwa, kazi ile inasimama, na rangi iliyobaki haina wa kuirudisha. Ndiyo maana jani la mti linadumu na karatasi yetu haidumu.

Maana hapa tufike kwenye jambo lenyewe: picha hizi hazidumu. Herschel hakupata njia ya kuzikaza, wala sisi hatuna. Jua lililoitengeneza picha linaendelea kuila. Ukiitundika ukutani, baada ya siku au majuma utabaki na karatasi nyeupe. Inakaa tu ikiwa gizani, ndani ya kitabu au ndani ya bahasha chini ya nguo, na kila unapoitoa kuitazama unaipunguza kidogo.

Ubishi wetu

Wamama wa kikundi chetu cha akiba, ile MUSO inayokutana siku ya posho, walipoona kazi za watoto walitaka nao. Hawakutaka majani ya jimbi. Walitaka sura.

Tukawafundisha picha ya kivuli. Jioni unamkalisha mtoto kando ya ukuta, unabandika karatasi, unawasha torshi upande wa pili, unafuata kivuli cha uso kwa biki: kipaji, pua, midomo, kidevu. Unahamishia kwenye karatasi nyeusi, unakata, na hiyo unaiweka juu ya karatasi ya majani chini ya kioo. Jua likimaliza, unapata uso wa mtoto wako kwa pembeni, wa zambarau au wa dhahabu. Wamama walicheka mpaka machozi. "Hii njo pua ya baba yake kabisa!" mmoja alisema, na baba mwenyewe akasogea kutoka nje kuja kuangalia kama ni kweli. Nyuma ya kila picha tunaandika jina la mtoto, majina ya wazazi, kijiji, tarehe, na urefu wake tuliopima kwa kamba.

Halafu alikuja mama mmoja kutoka upande wa Nyabiondo. Binti yake wa pili alikufa kwa ugonjwa wakati wako kambini. Alichobaki nacho ni picha ndogo ya pasporo, ya shule, ambayo mvua ilikuwa imeila nusu. Jicho moja na mdomo ndivyo vilivyosomeka vizuri. Aliuliza kama majani yanaweza kumrudisha.

Inawezekana. Picha ikichapishwa kwenye plastiki inayopitisha mwanga, plastiki ile inawekwa juu ya karatasi ya majani, na sehemu nyeusi zinalinda rangi, sehemu wazi zinaiachia jua. Hapo sura inatoka yenyewe, na macho yake. Lakini inahitaji kutuma picha Goma ikachapishwe, na inahitaji jambo lingine gumu zaidi, yaani kumwambia mama ukweli.

Sisi walimu tuligawanyika. Wengine walisema: kumpa mfiwa picha inayofifia ni kumfanya azike mara mbili. Ameshapoteza mtoto, ameshapoteza picha, leo tunampa kitu ambacho tunajua kitampotea mkononi. Wengine walisema: nani ametupa sisi haki ya kumchagulia? Wa kwanza wakajibu kwamba mtu mwenye njaa hakatai hata chakula kibaya, na kwamba anayejua lazima amlinde asiyejua. Tulibishana siku mbili, na sauti zilipanda.

Mwishoni tulikubaliana jambo moja tu: aelezwe yote, halafu aamue yeye. Tulimkalisha, tukamwonyesha picha ya jani iliyokaa juma zima dirishani na nyingine kama hiyo iliyokaa ndani ya kitabu. Aliziangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Walimu, ile ya kwanza mvua iliimaliza mara moja, haikuniomba ruhusa. Hii ingine, ni mimi njo nitaimaliza na macho yangu, kidogo kidogo."

Hakuna aliyebisha tena. MUSO ilitoa franka za plastiki kutoka kisanduku cha msaada. Binti alitoka kwa manjano. Upande ulioliwa na mvua ulitoka mweupe, lakini ule upande mzima ulisimama wazi, na mama yake akaweka karatasi ile ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Alituambia huitoa siku ya yenga jioni, anaitazama pamoja na watoto waliobaki, anawasimulia kitu kimoja juu ya dada yao, kisha anaifunga. Wadogo ambao hawakumkumbuka sasa wanajua kwamba alipenda kuimba akiteka maji na kwamba aliogopa bata.

Na hapa ndipo swali la yule mwanafunzi lilipotusaidia. Picha ya jani inafifia, lakini plastiki haifi. Karatasi nyeusi uliyokata haifi pia. Ukivihifadhi, unaweza kutengeneza picha nyingine, na nyingine tena, kila mara majani yanapokuwa mengi. Kama jani la mtini, rangi mpya inachukua nafasi ya ile iliyokufa. Mama yule anatunza plastiki yake ndani ya bahasha, na tayari amesharudia picha mara moja, safari hii kwa lengalenga ya bustani yake mwenyewe. Hakuifanya peke yake. Watoto walitwanga, jirani alileta kioo.

Tumefikiri sana juu ya hilo. Picha ya kadre inaning'inia ukutani miaka kumi, na baada ya mwaka wa kwanza hakuna anayeiangalia. Hii yetu inadai kazi. Inadai mtu aamue siku ya kuifungua, akusanye watoto, aseme jina. Ikifa, inadai watu wakutane tena, watwange, wangoje jua. Bado tungependa kila mama awe na picha nzuri ya studio inayodumu. Hatusemi kwamba umaskini ni bora. Lakini tukingoja mpaka hiyo ipatikane, watoto wanakua, na wengine hawafiki.

Mambo ambayo majani hayawezi

Wamama wapendwa, tuseme wazi ili mtu asidanganyike. Picha ya kivuli haiingii mahali pa hati. Mtoto akizaliwa, mwandikisheni kwenye ofisi ya hali ya raia ndani ya siku 90. Katika muda huo ni bure, sheria ndivyo inavyosema. Fishi ya chanjo itunzwe ndani ya plastiki. Na kama mtoto amepotea wakati wa kukimbia, nendeni kwa watu wa Croix-Rouge, ambao kazi yao mojawapo ni kutafuta ndugu waliotenganishwa na vita. Huko wataulizwa majina, umri, kijiji, alama za mwilini. Zile habari tunazoandika nyuma ya picha zinasaidia hapo, ndiyo maana tunawasihi mziandike pia mahali pengine, kwa biki, kwenye kaye ya nyumbani. Jua haliwezi kula kaye iliyofungwa.

Wafundisheni watoto wadogo jina lao lote, jina la baba na la mama, na jina la kijiji. Tunafanya hivyo wakati wa kungoja karatasi zikauke. Mtoto wa miaka minne anaweza kujifunza hayo kama wimbo.

Kwa vikundi vinavyotaka kuanza

Anzeni na manjano na jani lolote lenye umbo zuri, siku yenye jua tangu asubuhi. Mkishinda hapo, endeni kwenye picha za kivuli. Msianze na sura ya marehemu kabla mikono haijazoea, kwa sababu hakuna mama anayestahili kuona jambo hilo likiharibika mbele ya macho yake. Wekeni mtu mmoja kuwa mtunza violezo, yaani karatasi nyeusi na plastiki, na kila kiolezo kiwe na jina. Kama kikundi kinalazimika kukimbia, violezo vyote vya familia kumi vinaingia ndani ya bahasha moja, na bahasha hiyo haina uzito kuliko kikombe cha mchele. Tumeipima.

Sisi tunaendelea. Kila siku ya posho, kama hakuna mvua na barabara iko salama, kuna kioo juu ya bati la shule na wamama chini ya mparachichi wakichambua lengalenga: mashina upande mmoja, majani ya chakula upande wa pili, na yale yaliyozeeka ndani ya kinu kwa ajili ya picha. Mwenye kalenda ya mwaka jana asiitupe, atuletee.